Meza ya Kwenda Mfangano

Mama alisema hataki tena kuvuka ziwa akiwa amepakata sahani. Ilikuwa Aprili 2024, tumekaa jikoni kwetu Migori, mvua ya masika inapiga mabati kwa nguvu hata ikabidi aseme mara mbili. Magoti yake yamechoka. Akiketi kwenye ubao wa mashua hawezi kuyakunja yakatulia, na sahani ikiwekwa mapajani huteleza kila wimbi linapogonga. Safari iliyotangulia, mchuzi ulimwagikia leso yake yote, akashuka kwao Mfangano akinuka samaki mbele ya wajukuu wa dada yake waliokuja kumpokea kwa nyimbo. Alikuwa na miaka 76, na sikumbuki siku aliyowahi kuniomba kitu cha mbao. "Nyathina, mwanangu," akasema, "mashua ya babako haiwezi kuwekwa meza?"

Nikamwambia inaweza. Nilijibu upesi, vile mtu anavyomjibu mamake, kabla sijaifikiria mashua yenyewe.

Mashua hiyo iko Mbita, kaunti ya Homa Bay. Baba aliiundisha hapo akiwa bado na nguvu zake: urefu futi 22, upana futi 5 na vidole vichache mahali ilipotanuka zaidi, mkuku mrefu chini, na tanga moja la pembetatu ambalo ni ndugu wa tanga la majahazi ya Lamu. Aliitumia kuvua mbuta na ngege, na mgongo ulipoanza kumsumbua akawa anabeba watu na mizigo kati ya Mbita na visiwa vya Takawiri na Mfangano. Alifariki 2018. Tangu hapo shemeji yangu, mume wa dada yangu, ndiye anayeitunza, na sisi huitumia kwa mambo ya ukoo: harusi, matanga, na kumpeleka Mama kwao. Mama ni Msuba wa Mfangano. Aliolewa akavuka, na maisha yake yote amekuwa akilihesabu ziwa kuwa njia ya kwenda nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule ya upili karibu na mji wa Migori. Kutoka mlangoni kwangu hadi ufuo ilipofungwa mashua ni zaidi ya kilomita 100: unapanda Rongo, unakunja kwenda Rodi Kopany, unateremka Homa Bay mjini, halafu unashika barabara ya Mbita na ziwa likiwa mkono wa kulia. Karakana iko huku, mashua iko kule. Umbali huo ndio uliotuponza.

Nilimpigia shemeji simu anipimie. Akasimama mashuani, akapiga kelele juu ya upepo: futi tatu na nusu kutoka ubao wa kukalia wa katikati hadi ubao wa nyuma. Nikaandika kwenye daftari la maandalio ya masomo. Sikuuliza alianzia ukingo upi wa ubao, wala kama alipima juu ya mbao au chini yake. Sikuuliza kina. Nilikuwa na namba, na namba ikishaandikwa kwa wino huonekana kama ukweli.

Halafu mbao. Chini ya kitanda chetu kulikuwa na mbao tatu za mvule, nane kwa moja, zimefungwa kwa gunia. Ni za mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, ana chumba chake sokoni, na alizinunua moja moja kwa muda wa miaka miwili ili atengenezewe kabati la vitambaa lisiloliwa na mchwa. Wiki hiyo alikuwa Awendo kwenye mazishi ya jamaa yake. Nilitoa mbili. Sikumpigia simu. Nilijiambia nitanunua nyingine kabla hajarudi, na nilijua wakati huohuo, nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda, kwamba mvule haipatikani kwa wiki moja.

Mvule ni mbao ya ajabu. Ina mafuta yake yenyewe, kwa hivyo maji na wadudu huihofia, na ukiikata vumbi lake huwasha pua na macho hata siku ya pili. Seremala wangu alipoanza kupasua ubao wa kwanza, msumeno ulilia mlio ambao si wa mti. Alisimama, akapuliza vumbi, akanionyesha. Ndani ya mbao kulikuwa na jiwe jeupe, dogo kama punje ya hindi. Mti huu hujiwekea chokaa mwilini, hasa mahali ulipojeruhiwa, na chokaa hiyo hugeuka jiwe. Meno matatu ya msumeno yalikuwa yamevunjika. Nililishika lile jiwe kwenye kiganja kwa muda mrefu. Nililihifadhi, na bado ninalo kwenye kopo la chaki.

Tulitengeneza meza ya futi tatu na nusu kwa futi mbili na nusu, miguu minne ya kukunja yenye bawaba, imepigwa msasa hadi ukipitisha mkono hukwami popote. Ilikuwa meza nzuri kabisa sebuleni. Tukaifunga juu ya matatu kwa mipira, nikapanda, nikawa nachungulia dirishani kila tukipita tuta.

Huwa nawafundisha wanafunzi wangu kwamba mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa hili kwa mashua iliyoitwa Lady Alice, mashua ya kufunguliwa vipande, iliyobebwa na wapagazi kwa miguu kutoka pwani. Nawafundisha pia kuhusu meli iliyoitwa William Mackinnon, iliyoundwa Uskoti, ikaletwa vipande vipande hadi Mombasa, ikaunganishwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900. Katika masomo hayo ni jina la Stanley linaloandikwa ubaoni. Siku ile, nikiisikiliza meza ikigonga paa la matatu karibu na Rodi, niliwafikiria wapagazi, na yule mtu asiyetajwa ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha vipande vinaingiliana walipofika ufuoni. Yeye alikuwa na kipimo cha kweli.

Meza yangu haikuingia. Shemeji alikuwa amepima kutoka katikati ya ubao mmoja hadi katikati ya mwingine, kwa hivyo meza ilizidi. Hata tulipoinyanyua tukailaza juu ya mbao mbili badala ya kuisimamisha katikati, miguu ilikosa mahali. Sakafu ya mashua si sakafu. Ina mteremko kutoka kila upande kuelekea mkuku, na inapanda kuelekea mbele. Mguu mmoja ulitua kwenye taruma, wa pili ukaning'inia, wa tatu ukazama kwenye maji yaliyotuama chini, wa nne ukasukuma ubavu wa mashua. Mama hakuwapo, nashukuru.

Fundi wa mashua alikuja kutazama. Ni mzee ambaye mikono yake imeunda nusu ya mashua zinazolala kwenye ufuo ule, na aliyemjua Baba. Alizunguka meza mara moja, akaipapasa, akaisifia mbao. Kisha akaniuliza, "Japuonj, mwalimu, maji yakiingia, mtu atachotea wapi?"

Mahali nilipoiweka meza ndipo mahali pa kuchotea maji. Ndipo pia watu wanapopita tanga linapogeuzwa, maana foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, huhamishwa upande wa pili wa mlingoti, na anayeihamisha anahitaji njia ya miguu yake. Alinieleza bila kupandisha sauti kwamba hatairuhusu mashua ile iondoke na kitu ambacho hakiwezi kuondolewa kabla mtu hajavuta pumzi mbili. Akasema jambo ambalo nimelirudia kwa watu wengi tangu siku hiyo: meza ya mashua huanza na mahali pa kuilaza. Ukishajua italala wapi isipotumika, ndipo unapojua itakuwa na umbo gani.

Ningemsikiliza vizuri hapo, hadithi hii ingekuwa fupi.

Niliporudi Migori mke wangu alikuwa amesharudi, amefagia chini ya kitanda, na gunia lilikuwa na ubao mmoja. "Mbili ziko wapi?" Nikamwambia. Hakunigombeza. Alilikunja gunia, akausukuma ule ubao uliobaki ukutani, na kwa wiki mbili alinisemesha juu ya unga, karo na gesi tu. Wanaojua nyumba wanajua kimya cha namna hiyo kina uzito gani. Kosa halikuwa mbao peke yake. Alikuwa ameweka akiba ya kitu chake, na mimi niliiona akiba ile kama nafasi iliyo wazi.

Shule zilikuwa zifunguliwe mwisho wa Aprili. Mafuriko ya mwaka huo yakaharibu barabara na madarasa nchini, serikali ikasogeza ufunguzi hadi tarehe 13 Mei, nami nikapata majuma mawili nisiyoyatarajia. Ningeyatumia kupatana na mke wangu. Niliyatumia kununua bomba.

Wazo lilionekana safi: uso wa meza uleule, umepunguzwa, juu ya mguu mmoja wa bomba la chuma linaloingia kwenye kisahani cha chuma kilichofungwa sakafuni kwa skrubu nne. Ukitaka meza, unachomeka bomba, hutaki, unachomoa. Nilifika Mbita alasiri, anga limeiva kwa mvua, fundi amekwenda kisiwa cha Rusinga kwa kazi. Nikaona nifanye mwenyewe giza halijaingia. Skrubu zilikuwa za inchi mbili. Ubao wa chini wa mashua ni inchi moja.

Nilisikia ya mwisho ikiwa nyepesi mkononi ilipomalizia mizunguko yake. Mkono ulijua. Nilisema ni mbao laini, nikafunika kisahani kwa kitambaa mvua isikiloweshe, nikaenda kulala kwa dada.

Shemeji aliniamsha saa kumi na moja alfajiri. Mashua ilikuwa imekaa chini ya maji kwenye kina cha kiuno, mlingoti umesimama, ukingo wa mbele tu ndio ulioonekana, na jina la Baba tulilolipaka kwa rangi nyeupe likisomeka nusu. Gunia la omena kavu la dada yangu, alilokuwa ameliweka mle jioni ili liende sokoni asubuhi, lilikuwa limevimba kama mto. Wavuvi waliotoka usiku na taa zao walikuwa wanarudi. Waliteremka bila kuitwa, watu kumi na zaidi, wakaingia majini na nguo zao, wakaiinamisha mashua ubavu mmoja, wakamwaga, wakaisukuma hadi mchangani. Niliwalipa dada na shemeji omena yao. Wale wavuvi walikataa hata chai.

Ilizamia ufuoni, usiku, haina mtu. Jambo hili siwezi kulipita haraka. Zile skrubu nne zingeweza kukaa kimya siku tatu, zikaachia katikati ya ziwa, kati ya Rusinga na Mfangano, Mama akiwa ameketi juu yake.

Fundi alizitoa moja moja, akazipanga kwenye kiganja changu. Akapanua matundu, akayaziba kwa vigingi vya mti na pamba, akafunika kwa kipande cha bati alichokipigilia misumari midogo iliyokaribiana kama mshono. Kazi hiyo ilichukua siku mbili, pamoja na kukausha tanga. Hakuniambia lolote kuhusu skrubu. Aliniambia tu kwamba mashua ya Baba haitatobolewa tena kwa ajili ya meza yoyote.

Nyumbani nilieleza yote mezani, mbele ya Mama na watoto. Nilipomaliza, mke wangu aliongea nami kwa mara ya kwanza juu ya jambo lisilokuwa unga.

"Ulipima nini?"

Nikamwonyesha daftari.

"Hizi ni namba," akasema. "Mtu akija kwangu na vipimo alivyoandikiwa nyumbani simshonei. Namwambia asimame hapa. Bega moja liko chini ya lingine, na yeye mwenyewe hajui."

Mama alikuwa akimenya viazi vitamu. Aliuliza swali lake bila kuinua macho: "Umewahi kuona mafiga manne?"

Nyumba nzima ilinyamaza, kwa sababu kila mtu aliiona palepale. Figa moja haliinjiki chungu, sawa, lakini mafiga matatu huinjika popote: juu ya mwamba, mchangani, kwenye mteremko. Kitu chenye miguu mitatu hukanyaga chote, hata ardhi ikiwa imepinda vipi. Cha miguu minne kinahitaji ardhi iliyonyooka, na katika mashua hakuna kitu kilichonyooka. Nimesoma hesabu za pembetatu shuleni, nimekula chakula cha mafiga tangu kuzaliwa, na ilibidi mama yangu aviunganishe viwili hivyo kwa sauti, kisu mkononi.

Juni, wakati wa likizo fupi ya katikati ya muhula, tulikwenda Mbita sote. Mke wangu alibeba makatoni ya mafuta ya kupikia, mkasi, chaki ya kitambaa na pini. Fundi alimpa mkono wa kupanda mashuani, naye akaanza kazi yake kama anavyoianza kwa mteja: alikaa kwanza akaitazama. Kisha akauliza meza italala wapi. Fundi akacheka kwa furaha, akanitazama, akamwonyesha nafasi chini ya ubao wa katikati, kando ya ubavu wa kushoto, mahali ambapo haimzuii mtu yeyote.

Aliegemeza katoni kwenye ule ubavu, akaikata kidogo, akaiegemeza tena. Palipobaki mwanya alibandika ulimi wa karatasi kwa pini, palipogusa alipunguza. Polepole katoni ikachukua mpindo wa mashua, mpindo ambao mzee yule aliuchora kwa jicho miaka mingi iliyopita bila rula. Alipoigeuza akaijaribu upande wa kulia haikukaa. Pande mbili zinapishana upana wa kidole gumba. "Si nilikuambia ya mabega," akasema, na hapo ndipo nilipojua kimya kimekwisha.

Alikata ruwaza tatu: ya uso wa meza, ya ukingo wa ubao wa katikati ambapo meza itaning'inia, na ya kina kutoka kwenye ukingo huo hadi mgongoni mwa mkuku. Kila moja aliiandika kwa chaki upande wa juu na upande wa mbele, maana kipande kisichojua mbele yake hushonwa kinyume. Tuliporudi Migori aliingia chumbani, akatoka na ubao wa tatu. Akauweka juu ya ruwaza na kusema hautoshi kukata ovyo, tupime tena.

Meza yenyewe basi. Uso una urefu wa futi mbili na nusu na upana wa inchi 20, umeunganishwa kutoka kwa zile mbao za kwanza. Ubavu mmoja umepinda kama mashua inavyopinda, ili uingie kitandani mwake. Chini, upande wa mbele, kuna vidole viwili vya mvule vilivyochongwa kutoka ule ubao wa tatu. Vinaukumbatia ubao wa kukalia kama vidole vya mtu vinavyoshika ukingo wa ndoo. Kigingi cha mpera kinapita katika vidole vyote viwili chini ya ubao, kuizuia meza isinyanyuke wimbi likija, na kigingi hicho kimefungwa kwa kamba ili kisipotee majini. Upande wa nyuma kuna mguu mmoja tu, wa bawaba, unaoteremka na kukanyaga mgongo wa mkuku, ambao ndio uti wa mashua. Vidole viwili na mguu mmoja, mafiga matatu. Hakuna skrubu hata moja iliyoingia kwenye mashua.

Kuzunguka uso tuliweka ukingo wa robo tatu ya inchi ili vikombe visitembee. Pembe nne tumeziacha wazi. Hilo ni la fundi: ukingo uliofungwa kote hugeuka karai, na maji yaliyotuama huoza mbao hata ikiwa mvule. Vanishi tulipaka mikono mitano, na ncha za mbao, ambako mti hunywa maji kama mrija, tukazipaka nane.

Wakati wa kuijaribu nyumbani mke wangu alimwagiza seremala apigilie ubao mnene ukutani jikoni, wenye unene wa ule wa mashua. Meza ikaning'inia hapo, mguu ukakanyaga sakafu. Mpaka leo, isipokuwa safarini, yeye huitumia kukatia vitambaa vidogo na watoto huifanyia kazi za shule. Kabati bado ananidai. Nimeshalipa ubao wa kwanza kwa muuza mbao, na mwingine unafuata.

Tuliondoka Mbita likizo ya Agosti, saa kumi na mbili asubuhi, wakati upepo wa nchi kavu bado unasukuma kuelekea ziwani. Kila mtu alivaa jaketi la kujiokolea. Shemeji alishika usukani. Injini ndogo ililala nyuma kwa dharura. Rusinga ilikuwa mkono wa kulia, na Mama akaanza kusimulia, kama afanyavyo kila tukipita, Julai 1969 waziri Tom Mboya alipoletwa kuzikwa pale. Alikuwa msichana wa miaka 21. Njia ya kuvukia kutoka Mbita hadi kisiwani ilijengwa miaka ya 1980, kwa hivyo siku ile watu walivuka kwa mashua, zikaja nyingi hata maji yakaonekana kama uwanja. Walikula nduma wakiwa wamesimama, alisema, na hakuna aliyekuwa na hamu.

Mnamo saa nne upepo ulikata, kama unavyokata kila siku kabla ule wa ziwani haujaamka. Tanga likalegea. Takawiri ilikuwa mbele yetu na mchanga wake mweupe. Mke wangu akaivuta meza kutoka mahali pake, vidole vikashika, kigingi kikapita, mguu ukateremka ukagonga mkuku kwa sauti moja. Chupa ya chai, viazi vitamu, mandazi, ngege wa kukaanga kwenye sahani ya bati. Mama aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, akaegemea, akaitikisa. Haikucheza. Akanyoosha magoti yake kando ya ule mguu mmoja, akavuta sahani.

Tulikula polepole. Binti yetu mdogo alikuwa na kazi ya kushika birauli la nyanya yake, lakini ukingo ulilishika badala yake, akabaki kulitazama tu.

Mstari wa maji meusi ulionekana upande wa magharibi kabla sijasikia upepo. Shemeji aliuona kwanza. "Meza," akasema, neno moja. Mke wangu alikwisha beba sahani. Mwanangu akachomoa kigingi, nikakunja mguu, meza ikaingia kitandani mwake ubavuni. Shemeji na kijana wake walikuwa tayari wanahamisha foromali, na miguu yao ilipita mahali palepale tulipokuwa tukila. Upepo ukatupiga, mashua ikainama, ikasimama, ikashika mwendo. Mama alikuwa bado anatafuna.

Tulifika Mfangano mchana. Dada yake, mama yangu mkubwa, hatembei mbali siku hizi, akatungojea uani chini ya mwembe. Mama alikataa kuketi kabla meza haijaletwa. Tukaibeba kupanda kilima, tukaining'iniza kwenye benchi la uani, mguu ukapata jiwe la kukanyagia, na wale wazee wawili wakakaa pande mbili. Mama mkubwa aliipapasa kwa vidole, akafuata ule mpindo wa upande mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hii mmenunua Kisumu?"

"Hapana," Mama akasema. "Ni mbao za mkaza mwanangu. Alikuwa amezitunza chini ya kitanda chake."

Mke wangu alikuwa ameinama, akiwamiminia watoto maji ya kunawa. Hakuinua kichwa. Alipomaliza mtoto wa mwisho alikuja akakaa kulia kwa Mama, mahali alipoachiwa, akavuta sahani ya samaki na kuanza kumtolea Mama miba.